Sajini wa Kanisa la Matofali

Jumapili Sajini hakuketi kabla ya kukagua. Sisi wengine tukiingia kanisani tulitafuta mahali pa kukaa, ikiwezekana karibu na dirisha. Yeye aliingia kwa mlango mkubwa, mikono nyuma, akaufuata ukuta wa kushoto mpaka mbele, akavuka, akarudi na ukuta wa kulia, akitazama juu na chini kama ofisa mbele ya gwaride. Hapa na pale alisimama akabonyeza tofali kwa kidole gumba. Mchungaji alikwisha kumzoea. Akiona mama huyo bado yuko njiani, aliiashiria kwaya irudie ubeti. Kuna wimbo tumeurudia ubeti wake wa mwisho kwa ajili yake mpaka siku hizi hatujui kuuimba mara moja.

Alikuwa amestaafu polisi zamani, ila cheo hakikukubali kustaafu naye. Kuanzia nyumba za askari mpaka soko la Nakawa, hapa Kampala, wote walimwita Sajini: wachuuzi, mchungaji, wajukuu zake. Mumewe alimwita Afande, na ukimsikiliza vizuri hungejua kama anatania au anaripoti. Jina lake analo, na mimi silitaji, kwa sababu nikilitaja atanipigia simu kabla wino haujakauka.

Mimi nilizaliwa katika nyumba hizo hizo za askari, baba yangu akiwa dereva wa kikosi. Kiswahili changu ni cha kambini, nikakisuguasugua kidogo Arusha nilikokwenda kusomea uchapaji. Leo nina duka la kuchapisha pale Wandegeya, nahangaika na wanafunzi wanaoleta kazi zao saa ya mwisho, na Jumapili naimba sauti ya pili. Sajini hakuniita kwa jina hata siku moja. Nilikuwa "mtoto wa dereva" nikiwa na miaka saba, na nilipopata mvi za kwanza nilikuwa mtoto wa dereva vilevile.

Kanisa lenyewe ni la matofali ya kuchoma, la watu wa zamani, na halina makuu. Kila baada ya dirisha kuna nguzo nene imeuegemea ukuta kwa nje, pana chini, nyembamba juu. Madirisha yana vichwa vya mviringo. Juu ya mlango mkubwa kuna tao la matofali la pete tatu, moja ndani ya nyingine, kila moja imerudi nyuma kidogo, hata ukiingia unajisikia kama unakaribishwa mara tatu. Chini ya paa mafundi waliacha matundu kati ya matofali, safu nzima kuzunguka jengo, upepo uingie na ndege wasiingie. Ndege wanaingia. Mnara uliishia njiani, fedha zilipowaishia, na kila mchungaji mpya huahidi kuumalizia katika mahubiri yake ya kwanza. Ndani hakuna dari, unaona mbao nene tupu zimeshikana mikono. Saa saba mchana, Kampala ikiunguza, humo ndani ni baridi ya kuomba shuka.

Sajini alilisoma jengo hilo kwa njia yake. Ukitazama kuta zile utaona katika kila mstari tofali moja limelala kwa urefu, linalofuata limeingiza mwili wake ndani ya ukuta na kutoa uso tu, halafu moja limelala tena. Mainjinia wana jina lao la mpangilio huo. Sajini aliwakusanya watoto wa shule ya Jumapili, akagonga ukuta.

"Huyu analala," alisema. "Huyu iko zamu. Huyu analala, huyu iko zamu. Wote wakilala, adui anaingia. Wote wakikaa zamu, kesho wanachoka. Sasa nani kati yenu alilala wakati wa maombi?"

Hakuna mtoto wa parokia ile asiyelijua somo hilo. Hata mimi nikipita mbele ya ukuta wowote wa matofali mjini, naanza kuhesabu nani analala.

Alikuwa mkali, na ukali wake ulikuwa na matobo mengi. Aliweza kumtoa mlevi ibadani kwa kumshika ukosi tu, akampitisha kati ya viti kama mtu anayetoa paka. Baadaye ungemwona nyuma ya kanisa anampa mlevi huyo sahani ya matoke, zile ndizi za kupika, na kumsimamia mpaka amalize. Kwenye harusi alilia. Simaanishi chozi moja la heshima, alilia kwa sauti, hata kwa maharusi asiowajua, kisha akageuka kuwafokea wapiga picha wanaopanda juu ya viti. Mnada wa baada ya ibada, ule wa kuuza fenesi na kuku waliotolewa sadaka, aliuendesha mwenyewe. Ukijikuna tu umenunua kuku.

Halafu nyumba yake. Sajini ni mtu wa kaskazini, Mkristo wa mifupa. Mumewe ni Mnubi, Mwislamu, wa wale ambao babu zao walikuja na jeshi la zamani, na maisha yake yote ameendesha lori. Mwezi wa Ramadhani Sajini aliamka alfajiri kumpikia daku, akilalamika mpaka jirani wote wakaamka kula. Krismasi mzee ndiye aliyechinja na kuwakaribisha shemeji zake wote. Hakuwahi kuingia kanisani. Alimleta mke wake kwa gari, akakaa nje akisikiliza redio, na mahubiri yakizidi urefu alipiga honi. Sajini naye hakuwahi kuingia msikitini, ila alijua nani hajatoa mchango wa zulia la msikiti, na alimkumbusha sokoni mbele ya watu.

Siku moja alikuja dukani kwangu kuchapisha kadi za mahafali ya mjukuu. Mashine ilikuwa imegoma, ikabidi asubiri, na Sajini asiyekuwa na la kuamrisha huanza kusema ukweli. Nikamwuliza kwa nini analipenda jengo lile kuliko watu waliomo.

"Wewe mtoto wa dereva hujui," alisema. "Mimi nilitoka kwetu kuja hapa kuwa kuruta. Kiganda sijui. Sokoni wananicheka, namna naita vitu. Jumapili moja naingia pale, nakaa nyuma, naegemea ile ukuta. Ilikuwa baridi tamu, bambi. Nikalala. Nililala mahubiri yote, na hakuna mtu aliniamsha. Hii Kampala, wa kwanza kunipokea ilikuwa ukuta."

Nilimpa kadi zake bila kumtoza, akaniambia nisizoee kutoa vya bure, nitafilisika.

Sasa nije kwenye kosa, maana bila kosa Sajini si Sajini.

Aliyekulia kambini anajua kwamba pale kitu kisichotembea hupakwa rangi. Mawe ya kando ya barabara, chokaa nyeupe. Mashina ya miti, nyeupe mpaka kiunoni. Ndoo za mchanga, nyekundu. Mgeni mkubwa akija, kinapakwa tena kilichopakwa jana. Kwa hiyo mchungaji aliposema askofu anakuja, na Sajini ndiye mzee wa kanisa anayesimamia usafi, hakuna aliyeshangaa. Alikwenda kambini akaomba vijana wa depo, wale wanaofunzwa uaskari. Wakalipaka kanisa lote rangi ya mafuta, nyekundu inayong'aa kama kiatu cha gwaride, nje na ndani. Kisha kwa brashi ndogo wakachora mistari myeupe kati ya tofali na tofali, mmoja baada ya mwingine, kila mstari umenyooka.

Tulipiga makofi. Usimwamini atakayekuambia alijua. Askofu alisifu, wapiga picha wakafurika, na mimi nikachapisha kalenda yenye picha ya kanisa ikaisha kabla ya mwaka mpya. Tulikuwa na kanisa jipya bila kujenga.

Mvua zikaja, zikaenda, zikaja. Rangi ikaanza kuvimba malengelenge. Ukiyapasua, nyuma yake kuna maji na unga mweupe kama chumvi. Baadaye matofali yenyewe yakaanza kubanduka nyuso. Jumapili moja tukiwa katikati ya wimbo, kipande cha tofali kilinidondokea kwenye kitabu cha nyimbo, kikapasuka mapande kama biskuti. Tuliendelea kuimba, ila tulihamia upande wa pili.

Hapo kamati ya ujenzi ikazinduka. Mwenyekiti wake, mfanyabiashara wa vipuri, mtu mwema na mwenye haraka, alisema kuta zimeoza, na dawa ya jino lililooza inajulikana. Akaja na mchoro wa kanisa jipya: vioo, alumini, maegesho chini, maduka upande wa barabara. Picha yake kubwa niliichapisha mimi, na ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Ikatundikwa mlangoni. Watu wengi waliitazama wakatamani. Sajini aliipita kila Jumapili kama haipo, akaenda kukagua kuta zake, na kidole gumba sasa kilikuwa kinatoka na unga mwekundu. Nilimwona akikipangusa haraka kwenye gomesi, gauni lake la Jumapili.

Kabla ya kupiga kura, mchungaji aliomba injinia azitazame kuta. Alikuwa binti wa parokia hiyo hiyo, aliyesoma somo la kulala na zamu kama sisi wote kisha akaenda chuo kikuu. Alipima siku kadhaa kwa kifaa chake kidogo chenye sindano mbili, akachukua vipande, akatoa ripoti mbele ya mkutano uliojaa mpaka mlangoni.

"Matofali haya yanapumua," alisema. "Yananyonya maji ya mvua na ya ardhini, halafu yanayatoa jua likiwaka. Yamefanya hivyo miaka yote. Rangi ya mafuta imeyaziba pua. Maji yanaingia kwenye nyufa, hayatoki, yanasukuma uso wa tofali mpaka unabanduka. Kuta hazijaoza, zimezibwa."

Kila mtu alijua ni nani aliyeleta rangi, na kila mtu alikuwa anatazama viatu vyake. Injinia mwenyewe alikuwa amekunja karatasi yake, hajui atazame wapi. Mwenyekiti akakohoa, akasema methali ya ufa na ukuta, kwamba sisi ufa hatukuuziba, basi na tujenge.

Sajini akasimama. Nilidhani atamkamata mtu.

"Ni mimi," alisema. "Nilipaka mimi. Hakuna mtu alinituma. Nilitaka kanisa ing'are kama kambi, nikaizimisha pumzi. Kale, sawa. Injinia, binti yangu, rangi ikitoka, ukuta inapona?"

"Inaweza kupona, Mama Sajini. Siwezi kuapa."

"Mimi siombi uape. Mwenyekiti, ssebo, nipe ukuta moja. Ule wa kusini, iko mgonjwa kabisa. Nitaitoa rangi yote. Msimu wa mvua ipite. Ikikauka, mnaacha kanisa isimame. Ikibaki na maji, nyundo ya kwanza nitapiga mimi."

Alikaa. Aliutazama ukuta wa kusini, si watu. Ndipo nilipoelewa ameweka nini mezani. Mtu aliyepokewa na ukuta alikuwa ameahidi kuuvunja kwa mkono wake. Mwenyekiti alitazama picha yake ya vioo, akatazama watu, akakubali kwa Kiganda cha heshima, "Kale, nyabo. Ukuta mmoja."

Jumamosi iliyofuata aliitisha bulungi bwansi, ile kazi ya pamoja ambayo Waganda huitana kusafisha mitaro na barabara. Mitaro haikuguswa. Saa moja asubuhi walikuwa wamejipanga mbele ya ukuta wa kusini wamama wa Umoja wa Akina Mama, vijana wa kwaya, askari wasio zamu, na Sajini mbele yao na lundo la brashi za waya. Injinia alifika akikimbia.

"Brashi za waya hapana," alisema akihema. "Mtazikwangua nyuso zilizobaki."

Yule Sajini wa zamani angebisha. Huyu aliitupa brashi yake kwenye lundo, akageuka kwa jeshi lake. "Mmesikia Injinia. Brashi chini. Kuanzia sasa mimi ni kuruta, amri inatoka kwake."

Amri ilikuwa dawa nzito kama uji, inayopakwa juu ya rangi kwa mwiko, iachwe kutwa ilainishe, kisha rangi ikwanguliwe polepole kwa vipande vya mbao na kuoshwa. Dawa isikaukie juani, lazima ifunikwe. Tulileta kaveera, zile nailoni, zikafunika robo ya ukuta zikaisha. Jua lilikuwa linapanda. Hapo mama mmoja muuza chakula wa Wandegeya akauliza, nusu kwa mzaha, kama ukuta hauwezi kuvishwa majani ya migomba kama matoke. Injinia akafikiri, akacheka, akasema hakuna kitabu kinachokataza.

Ee bwana wee. Watu walitawanyika wakarudi na majani vichwani. Wamama waliyapasha moto yalegee, kama wanavyofanya jikoni, wakaubandika ukuta jani kwa jani kuanzia chini kwenda juu, wakafunga kwa kamba za mgomba kutoka nguzo hadi nguzo. Kufikia mchana ukuta wote ulikuwa umefungwa kama matoke yanayosubiri sufuria. Madereva wa bodaboda walisimama kuuliza kinapikwa nini. Sajini aliwajibu, "Ukuta. Njoo kesho kula," na wawili kati yao walibaki wakafanya kazi.

Jumamosi ya pili honi ililia nje. Mzee wake aliteremka na wenzake kadhaa wa msikitini, kanzu wamezivua, mikono wameikunja. Mchungaji alimkimbilia kumkaribisha. Mzee akasema, "Mimi sisali hapa, Mchungaji. Lakini kama hii nyumba inaanguka, nani atakaa na huyu mwanamke Jumapili?" Walifanya kazi mpaka adhuhuri, wakaenda kuswali, wakarudi. Sajini alimletea maji na hakumfokea kitu, jambo ambalo mzee alilisimulia kwa wiki nyingi.

Rangi ilitoka. Chini yake tofali halikuwa jekundu la kiatu. Lilikuwa la rangi nyingi: la mdalasini, la kutu, jingine limeungua likawa karibu zambarau, jingine la njano kidogo kwa kuwa moto wa tanuri haukulifikia. Tulikuwa tumesahau. Yaliyobanduka sana yalitolewa, mapya ya kuchoma yakaingizwa, na viungo vikajazwa chokaa badala ya saruji, kwa amri ya Injinia. Niliukuta ukuta huo jioni moja jua likiupiga ubavuni, nikasimama njiani na begi langu kama mgeni wa mji. Uzuri ule ulinitia wivu, kwamba watu wa zamani walikuwa nao kila siku.

Kisha mvua. Msimu ule ilinyesha kwa chuki. Wiki ambayo kamati ingekuja kukagua, ilipiga ukuta wa kusini Ijumaa kutwa na kuamkia Jumamosi, ukawa mweusi kwa maji kutoka paa hadi chini. Mwenyekiti alikuja na mwavuli, akautazama, akatikisa kichwa. Sajini alichukua kiti cha plastiki, akakiweka kwenye nyasi kuuelekea ukuta, akaketi. Hakuomba kwa sauti. Sisi tuliokuwepo tulijifanya tuna mazoezi ya kwaya na hakuna aliyekuwa anaimba.

Jua lilitoka. Kwanza juu chini ya paa, palipo matundu, pakaanza kubadilika rangi. Halafu kati ya madirisha. Ukuta ulikuwa unatoa mvuke, kweli kabisa, mvuke mwembamba unapanda mbele ya macho yetu. Saa za alasiri weusi ulikuwa umeshuka mpaka magotini. Injinia alipiga sindano zake hapa na hapa, akasoma, akapiga tena mahali pale pale kama hajiamini, kisha akampa Mwenyekiti kifaa asome mwenyewe. Mwenyekiti hakukisoma. Aliweka kiganja kwenye tofali, akakigeuza kukitazama, akakiweka tena. Kwenye ukuta wa mlango, ambako rangi bado ilikuwepo, maji yalikuwa yanatiririka nyuma ya malengelenge.

"Umekauka," alisema. Halafu akaenda mlangoni akashusha ile picha yake ya vioo kwa mikono yake, akaikunja vizuri, akaniuliza kama nyuma yake panaweza kuchapishwa kitu kingine.

Nililia, sioni haya. Ngoma za kanisa zilipigwa Jumamosi isiyokuwa na ibada, wamama wakapiga vigelegele mpaka polisi wa zamu wakatuma mtu kuuliza. Sajini peke yake alibaki kwenye kiti. Nilipomwendea akasema, "Bado kuta tatu, mtoto wa dereva. Lete majani."

Kuta tatu zikafuata. Kazi ilipokwisha, kamati ikataka kumwekea kibao cha heshima. Nilimpelekea maneno nyumbani ayapitishe: utumishi uliotukuka, upendo kwa nyumba ya Mungu, na kadhalika. Aliyasoma akiwa amekunja uso, akaomba kalamu, akayakata yote. Aliniamrisha niandike mengine, kwa Kiganda, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na kibao kisipigiliwe kwenye ukuta, kisimame kwenye nguzo yake penye nyasi. Kamati ilipinga. Unajua nani alishinda.

Mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa siku aliyohama. Alikuwa anarudi kwao kaskazini kulima, na mzee wake aliyemfuata Kampala nzima alikuwa anamfuata na huko. Gari lilikuwa limejaa magodoro, akaomba wapite kanisani kwanza. Nikamkuta amesimama karibu na nguzo ya kibao, mikono nyuma.

Kulikuwa na harusi mchana ule. Wapambaji wawili, wasichana wa mjini wasiomjua, walikuwa wamepanga vyungu vya maua chini ya tao la mlango, na mmoja alikuwa anatikisa kopo la rangi ya dhahabu ya kupuliza, tayari kuvipuliza pale pale penye ukuta. Nilivuta pumzi nimwite. Sajini akanishika mkono.

Msichana aliinua macho akakiona kibao. Akakisoma kwa sauti, kumsomea mwenzake: "Ukuta huu usipakwe rangi. Sajini aliupaka, ukaugua. Watu wakauponya."

"Banange, jamani," mwenzake akasema. "Sajini mzima anapaka kanisa kama ndoo."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Halafu, wakiendelea kucheka, wakabeba vyungu vyote, kimoja kimoja, wakavipeleka mbali kabisa kwenye nyasi ndipo wakapuliza rangi yao.

Sajini alinigeukia, uso wote umefunguka, nami sijawahi kumwona mtu amefurahi namna ile.

"Umesikia?" alisema. "Wananicheka, na bado wanatii."